Kurekodi Gita na Sauti Nyumbani Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye gita lisilo la umeme, maiki moja au mbili, kompyuta ya mkononi au simu, na chumba cha kawaida cha Lamu. Wa Malindi pia yatawafaa, ila pale tulipoandika punda, wao wasome tuktuk.

Mbona rekodi yangu inasikika kama nimeimba kisimani?

Kwa sababu ya chokaa. Ukuta wa mawe ya matumbawe ni mnene na huzuia kelele za nje vizuri, lakini ukishapigwa lipu laini ya chokaa hurudisha karibu sauti yote inayoufikia. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio wa "trrr" kama wa chuma, hizo ni kuta mbili zinazotazamana zikirushiana sauti.

Nyumba za kale za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka zaidi ya hapo. Katika joto la kwetu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Kwa hiyo katika chumba cha upana wa mita 2.7 inakwenda na kurudi kwa milisekunde 15 au 16, na maiki inaipokea tena na tena.

Upana huo huo una jambo jingine. Besi za karibu na Hz 64 na Hz 129 (Hz ni mitetemo kwa sekunde) huvimba mahali fulani na kupotea mahali pengine. Sasa noti ya C kwenye uzi wa tano, freti ya 3, iko karibu Hz 131. Ukiipiga ikavuma kuliko jirani zake, usikimbilie kulaumu gita wala maiki: sogeza kiti. Katikati kamili ya upana ndipo noti hiyo inapovimba sana. Kaa pembeni kidogo ya katikati, theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma, na utazame upande mrefu wa chumba ili sauti isigonge ukuta wa karibu na kurudi moja kwa moja.

Nirekodie chumba gani?

Kama nyumba ni ya mtindo wa zamani, anza na ndani, chumba kilicho nyuma ya misana miwili (zile kumbi ndefu). Kiko mbali na njia, na mara nyingi ndicho chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Vidaka hivyo havinyonyi sauti, lakini kwa kuwa vina kingo na kina tofauti tofauti hutawanya sauti za kati na za juu zisirudi kwa mstari mmoja. Vikiwa na vitabu au nguo zilizokunjwa ni bora zaidi. Vikiwa na vyombo vya kaure, viondoe kwanza. Kuna sahani moja daima inayolia pamoja na uzi wa nne.

Kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kina hewa nzuri, lakini kiko wazi juu, na kila kinachopita mjini kitaingia kwenye rekodi. Chooni usirekodi hata kama sauti yako inakupendeza humo. Mwangwi ukishaingia hautoki, na wa kuongeza baadaye uko tele kwenye programu.

Nyumba yangu imeezekwa makuti. Ni afadhali au ni mbaya zaidi?

Kwa mwangwi ni afadhali sana, kwa kuwa makuti hayarudishi sauti za juu kama dari ya zege. Kwa kelele ni mbaya: upepo, kunguru, mjusi na mazungumzo ya jirani vyote vinapita. Rekodi usiku usio na upepo. Msimu wa kusi ukikolea utapata usiku michache tu ya namna hiyo, basi itumie.

Nibandike trei za mayai ukutani?

La. Ni karatasi nyembamba. Hupunguza kidogo sauti za juu kabisa na kuacha besi na sauti za kati zikizunguka kama kawaida, na matokeo yake ni rekodi iliyofifia lakini bado ina mwangwi. Mkeka peke yake nao una kasoro hiyo hiyo.

Kinachonyonya sauti ni unene ulio laini na unaopitisha hewa. Godoro la usumba au la sufi lililosimamishwa hufanya kazi kubwa. La sponji la sm 15 pia. Blanketi nzito mbili zilizokunjwa na kuning'inizwa kwenye kamba hutosha kwa kuanzia, ila usizibandike ukutani. Ziache sm 10 hadi 15 kutoka ukutani. Mguso na ukuta ndipo hewa inapotikisika kidogo kuliko kote, kwa hiyo kitambaa kilichoshikana na ukuta hakina cha kunyonya. Ukikisogeza mbele, unene ule ule unashika sauti za chini zaidi.

Mahali pa kwanza pa kuweka ni nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki. Maiki nyingi za nyumbani husikia mbele na kupuuza mgongo wake. Na mbele yake, baada yako wewe, ni ukuta ulio nyuma yako. Pa pili ni kuta za ubavuni, kushoto na kulia. Pa tatu ni sakafu: zulia lenye blanketi chini yake, kati ya kiti na stendi. Hapo piga kofi tena. Usifunike chumba kizima kwa khanga na mapazia mepesi, kwani utaua sauti za juu tu na gita litasikika kama limefunikwa blanketi lenyewe.

Nina fedha za kitu kimoja tu. Ninunue nini?

Kama huna chochote, intafesi ndogo ya USB (kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta) yenye tundu moja au mawili ya maiki, pamoja na maiki moja. Aina ya maiki itegemee chumba chako. Maiki ya kondensa husikia vitu vidogo, inafaa gita la kudonolewa kwa vidole, na inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi. Pia inasikia pangaboi la chumba cha pili. Maiki ya dainamiki kama Shure SM57 au SM58 haipendezwi sana na mambo ya mbali, na huvumilia unyevu, lakini umeme inaoutoa ni mdogo: millivolti 1.6 hadi 1.9 kwa paskali, wakati kondensa nyingi hutoa zaidi ya 10. Maana yake utafungua geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki) karibu yote kwa gita la taratibu, na intafesi ya bei rahisi itaanza kutoa "shhh".

Kwa chumba kilichotulizwa na usiku wa kimya, chukua kondensa. Kwa chumba kitupu kilicho njiani, chukua dainamiki na usogee karibu. Na SM58 huigwa sana: bei ikiwa ya kushangaza, hiyo siyo.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio na zilizozibwa nyuma. Zilizo wazi huvujisha muziki hadi kwenye maiki. Programu haina haja ya gharama: Audacity ni bure, GarageBand ni bure kwa wenye vifaa vya Apple, na Reaper hukuruhusu kuijaribu siku 60 kabla ya kulipa.

Maiki ya gita niiweke wapi? Nimeiweka mbele ya tundu na inavuma tu.

Lazima ivume. Hewa iliyo ndani ya gita ina mlio wake wa karibu Hz 100, na tundu ndilo mlango wake. Ongeza na tabia ya maiki ya upande mmoja kukuza besi kila inapokaribia kitu, utapata ngoma badala ya gita.

Weka maiki mbele ya freti ya 12, umbali wa sm 25 hadi 30, kisha izungushe kidogo itazame mahali shingo inapoungana na mwili. Huo ni mwanzo tu. Rekodi sekunde 20, sogeza sm 5 kuelekea daraja, rekodi tena. Rudi upande wa shingo, rekodi tena. Kila mara tamka mahali ulipo kabla ya kupiga ("freti ya kumi na mbili, sentimita ishirini na tano") ili ukisikiliza usichanganyikiwe. Upande wa shingo hutoa wembamba na mng'aro, pamoja na mlio wa vidole vikiteleza. Upande wa daraja hutoa sauti ya mbao, kavu zaidi. Tofauti ya sm 5 utaisikia kuliko tofauti ya maiki mbili za bei mbalimbali, na hili ndilo jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walijaribu.

Kabla ya kurekodi vua saa na bangili, funga vifungo vya shati visigonge mgongo wa gita, na utafute kiti kisicholia. Angalia pua pia: maiki ya gita husikia pumzi za mpigaji vizuri sana.

Maiki mbili zitanipa sauti pana?

Zitakupa, au zitaharibu. Sauti ikifika kwenye maiki moja mapema kuliko nyingine, baadhi ya noti hufutana. Njia salama ni kuweka vichwa vya maiki mbili vikigusana karibu, kimoja juu ya kingine, vikiwa na pembe ya nyuzi 90, vyote umbali wa sm 30 mbele ya freti ya 12. Ukitaka kuzitenganisha, fuata kanuni ya moja kwa tatu: kama kila maiki iko sm 25 kutoka kwa gita, zenyewe ziwe angalau sm 75 mbali. Sikiliza kwa spika moja tu au kwa mono (pande mbili zikiunganishwa kuwa moja). Gita likipungua besi ghafla, zimegombana, sogeza moja.

Na sauti ya kuimba?

Shubiri moja kutoka kinywani, yaani sm 18 hadi 20. Chujio la pumzi liwe katikati, sm 8 hadi 10 mbele ya maiki. Henga ya waya iliyopindwa duara na kuvutiwa soksi nyembamba ya nailoni, tabaka mbili, inafanya kazi ile ile ya la dukani.

Mwimbaji wa pwani ana sababu ya ziada ya kulihitaji. Sisi hutofautisha paa wa porini na paa la nyumba, kaa wa baharini na kaa la moto, kwa pumzi tu. Hiyo pumzi ndiyo inayopiga maiki "bufu!" na kuacha mshindo wa besi ambao hautoki bila kukata neno. Mbali na chujio, inua maiki ifike usawa wa pua na kuielekeza chini kidogo, au iweke kando nyuzi 20 hivi, wakati wewe ukiimba kuelekea mbele. Pumzi itapita, sauti itabaki. Pembe hiyo hupunguza pia ukali wa herufi S.

Weka kipande cha gundi ya karatasi sakafuni mahali pa miguu yako. Ukiimba ubeti wa kwanza kwa sm 10 na wa pili kwa sm 30, hakuna programu itakayozifanya zifanane, kwa kuwa besi na mwangwi vimebadilika pamoja. Sehemu za kupaza, vuta kichwa nyuma kidogo. Za kunong'ona, sogea.

Niimbe na kupiga kwa pamoja, au kimoja kimoja?

Kimoja kimoja hukupa nafasi ya kusahihisha. Rekodi kwanza gita na sauti ovyo ovyo kama mwongozo, kisha gita peke yake ukisikiliza mwongozo, mwisho sauti. Lakini wapo ambao wimbo huwafia mikononi wakitenganishwa, hasa nyimbo zinazovuta na kulegeza mwendo kwa kufuata maneno. Hao waimbe pamoja.

Kwa maiki mbili, tumia migongo yake. Ya sauti ianzie usawa wa kidevu ikitazama juu kinywani, mgongo ukitazama gita. Ya gita itazame chini kidogo, mgongo ukitazama kinywa. Hazitatengana kabisa, na ukishakubali hivyo usijaribu kubadilisha neno moja baadaye: neno la zamani litabaki likinong'ona kwenye treki ya gita. Rudia ubeti mzima.

Kwa maiki moja, iweke sm 50 au 60 mbele ya kifua. Gita likizidi, inua maiki. Sauti ikizidi, ishushe. Njia hii inahitaji chumba kizuri kuliko zote.

Kiwango cha sauti kiwe kipi?

Biti 24, kHz 48 (au 44.1, usichanganye). Piga sehemu yenye nguvu kuliko zote za wimbo, kisha weka geini ili kilele kifike kati ya desibeli -12 na -10 kwenye kipimo cha programu. Usitafute kukaribia sifuri. Watu wakirekodi kwa dhati hupiga kwa nguvu kuliko walipojaribu, na sauti iliyopasuka haishoneki. Dakika moja ya treki moja kwa kiwango hicho huchukua takriban MB 8.6, kwa hiyo nafasi si kisingizio.

Najisikia nimechelewa kwenye hedifoni.

Punguza bafa ya programu (akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa) iwe sampuli 128 au 64 wakati wa kurekodi. Au washa kitufe cha intafesi cha kusikiliza moja kwa moja na uzime sauti ya treki hiyo kwenye programu. Wakati wa kuchanganya, rudisha bafa kwenye 512 au 1024 ili kompyuta ipumue.

Adhana, punda, mashine za boti: nifanyeje?

Panga saa. Mji wa Lamu hauna msongamano wa magari, na huo ni utajiri ambao studio nyingi za Nairobi zingeulipia. Baada ya isha mji hutulia. Kati ya saa nne usiku na saa kumi ndio wakati bora. Mchana, acha nafasi ya kutosha kabla na baada ya kila sala. Misikiti iko karibu karibu na adhana hazianzi kwa pamoja, kwa hiyo usidhani ya kwanza ikiisha basi zimeisha. Upande wa bahari, mashine za boti hupenya kwa besi. Chumba cha nyuma kitakusaidia kuliko blanketi lolote.

Punda hana ratiba. Akilia, endelea mpaka mwisho wa ubeti, kisha rudia ubeti huo tu.

Zima pangaboi na jokofu. Ukizima jokofu, weka funguo zako za nyumba ndani yake: hutasahau kuliwasha. Mwanzoni mwa kila treki acha sekunde 10 za kimya cha chumba. Programu za kupunguza mvumo huhitaji sampuli hiyo.

Kuna mvumo wa "mmmm" usiokoma.

Umeme wetu ni wa Hz 50, na mvumo wake husikika hapo na kwenye Hz 100 na 150. Chomoa chaja ya kompyuta utumie betri. Mvumo ukitoweka, tatizo ni chaja au soketi isiyo na ethi. Rekodi kwa betri, au chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Usikate mguu wa ethi wa plagi, kamwe. Mvumo ukibaki, badilisha waya wa maiki na uuweke mbali na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba, zisilale sambamba. Mlio wa "ti-ti-ti" unaokuja na kwenda ni simu: iweke hali ya ndegeni.

Maiki yangu ya kondensa inapasuka-pasuka usiku.

Ni unyevu kwenye kichwa chake. Iweke usiku kucha kwenye kopo la plastiki linalofungwa vizuri, pamoja na vifuko vya silika vile vya ndani ya masanduku ya viatu, angalau vinne au vitano. Usiipashe moto wala kuianika juani. Hapa kopo hilo ndilo liwe nyumba yake ya kila siku, na vifuko vikaushwe au vibadilishwe mara kwa mara.

Gita nalo lina shida yake. Hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hewa ya kisiwani kwa kawaida hupita hapo. Mbao huvimba, uso hupanda, nyuzi hukaa juu na sauti hupoteza ukali. Liweke kwenye kesi na silika. Usilitundike kwenye ukuta wa mawe unaotoa jasho.

Nyuzi za kawaida huchakaa haraka kwa chumvi. Zilizopakwa utando hudumu zaidi. Badilisha siku moja au mbili kabla ya kurekodi, zivute kwa mkono, tuni tena na tena. Baada ya kila rekodi moja ya wimbo, tuni. Ndiyo, kila moja.

Nina simu tu.

Tumia programu ya kurekodi inayotoa WAV (faili ya sauti isiyobanwa) na inayokuruhusu kuzima marekebisho ya sauti ya moja kwa moja. Hayo ndiyo yanayofanya gita lipande na kushuka lenyewe. Iweke juu ya mto, sm 40 hadi 50 mbele yako, maiki yake ikitazama katikati ya kinywa na gita. Mambo yote ya chumba yaliyotangulia yanakuhusu wewe zaidi kuliko mwenye maiki.

Nichanganye vipi bila kuharibu?

Kata kabla ya kuongeza. Kwenye gita kata kila kilicho chini ya Hz 70. Uzi wa sita ulio wazi ni Hz 82, usiuguse. Kwenye sauti kata chini ya Hz 80 kwa mwanamume, 100 kwa mwanamke. Gita likivuma, punguza desibeli 2 au 3 kati ya Hz 100 na 120. Vyote viwili vikijaa tope, punguza kidogo Hz 200 hadi 300 kwenye kimoja tu, kwa kawaida gita. S kali hukaa kati ya kHz 5 na 8.

Kompresa ya sauti (hupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo): uwiano 3:1, ianze kushika baada ya milisekunde 10 hadi 20, iachie baada ya 100 hivi, sindano ipungue desibeli 3 hadi 6 penye nguvu. Ikizidi, pumzi zitasikika kubwa kuliko maneno.

Mwangwi wa programu uwe wa sekunde 1.2 hadi 1.8, uanze baada ya milisekunde 20 hadi 30 ili neno litoke kwanza, na ukatwe besi chini ya Hz 250. Uongeze mpaka uusikie, kisha rudisha nyuma kidogo.

Spotify na YouTube hushusha nyimbo zinazozidi takriban LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), kwa hiyo kuubana wimbo upige kelele hakukupi chochote. Kilele kiachwe kwenye desibeli -1. Sikiliza pia kwa spika ya simu: besi haitoi, na hapo utajua kama maneno yanasimama yenyewe.

Nataka kumpelekea mtu wa Mombasa achanganye. Nitume nini?

Kila treki peke yake, WAV ya biti 24, zote zikianzia sekunde sifuri hata kama sauti inaingia dakika ya pili, la sivyo atakaa akikisia zinapokutana. Bila mwangwi, bila kompresa, bila kukuza. Majina yawe wazi: wimbo, chombo, namba. Ongeza mchanganyiko wako mwenyewe wa MP3 ajue unakotaka kwenda, na mwendo wa wimbo kama ulitumia metronomu. Zipakie kwenye hifadhi ya mtandaoni umtumie kiungo. Faili za sauti zikipitia WhatsApp zitume kama nyaraka, si kama sauti. Asili ibaki kwako, nakala mbili, moja isiyo ndani ya kompyuta hiyo.